Simu ya Upepo Ndani ya Motokaa

Mtu akisimama Kihoto, mtaa wa mji wa Naivasha ulio upande wa ziwani, huona mlima Longonot umejitenga peke yake, kimo chake mita 2,776. Mashariki pamesimama ukuta wa Kinangop, na magharibi, ng'ambo ya ziwa, milima ya Mau. Nchi ya namna hii hupendeza macho, lakini ni adui wa sauti. Mtu aliyekwama nyuma ya Longonot aweza kupiga kelele hata koo likauke, na aliye Kihoto asisikie neno. Kwa sababu hiyo habari ya kutia simu ya upepo ndani ya motokaa ina maana zaidi katika bonde hili kuliko katika nchi tambarare.

Simu ya upepo ndilo jina walilotumia wazee kwa mawasiliano yasiyopitia katika waya. Marconi alipofaulu kupeleka ishara kuvuka bahari ya Atlantiki mwezi wa Desemba 1901, reli iliyotoka Mombasa ilikuwa karibu kufika ziwa la Viktoria, nayo ilikuja na waya zake za simu juu ya nguzo. Waya ulikuwa mzuri kwa stesheni, kwa kuwa stesheni haiondoki mahali pake. Gari je? Gari haliwezi kuburura waya nyuma yake. Miongoni mwa waliosumbuliwa na jambo hili walikuwa polisi wa Marekani. Mwaka 1928 polisi wa Detroit walianza kutangazia magari yao kwa redio, lakini askari aliye garini alisikia tu, hakuweza kujibu. Ilikuwa mwaka 1933, katika mji wa Bayonne, ndipo polisi walipoweza kusema na kujibiwa wakiwa ndani ya gari.

Katika nchi yetu chombo hiki kilienea katika magari ya serikali hasa wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Naivasha ina nafasi yake katika habari hiyo. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walifika kwa lori katika stesheni ya polisi ya Naivasha, wakachukua silaha, wakawafungulia mahabusu. Serikali ilikuwa na redio; wapiganaji wa msituni walikuwa na matarishi waliokwenda kwa miguu, na barua zilizofichwa katika mashimo ya miti. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba simu ya upepo ilikuja kwetu kama kitu cha starehe. Ilikuja ikiwa mkononi mwa mwenye amri, na mtu wa kawaida aliijua kwa kuiona ule mlingoti mwembamba ukitikisika juu ya gari la askari.

Kwingineko mambo yaligeuka. Mwaka 1958 serikali ya Marekani iliwatengea raia wake sehemu ya mawimbi karibu na megahezi 27, mtu yeyote asemezane na mwenziwe bila kusomea ufundi wa redio. Chombo hicho tungeweza kukiita redio ya raia. Kwa miaka kumi na mitano hakikusemwa sana. Kisha mafuta yakaadimika mwishoni mwa mwaka 1973, na serikali ikaweka mwendo usiozidi maili 55 kwa saa, yaani kilometa 88 hivi. Madereva wa malori wakaanza kuambizana kwa redio wapi petroli inapatikana, na wapi polisi wamejificha. Watu wa nyumbani wakawaiga, hata njia 23 zilizokuwapo zikajaa makelele, na mwaka 1977 zikaongezwa zikawa 40. Uingereza iliruhusu redio ya namna hii mwaka 1981, baada ya watu wengi kuitumia kwa siri.

Ufundi wake si mgumu kueleweka. Ukigawa 300 kwa 27 utapata 11 hivi, na huo ndio urefu wa wimbi kwa mita. Mlingoti mwema ni robo ya wimbi, yaani mita 2 na robo tatu. Ni nani atakayeendesha gari lenye fimbo ndefu hivyo juu ya paa bila kugonga matawi? Kwa hiyo mafundi huuzungusha waya kama chemchemi, fimbo ikawa fupi ingawa umeme wauona ni mrefu. Mahali bora pa kuusimamisha ni katikati ya paa, kwa sababu bati la gari hufanya kazi kama ardhi chini ya mlingoti. Umeme hutoka katika betri ya volti 12, kwa waya wenye fyuzi karibu na betri, ili waya ukichubuka gari lisiwake moto. Kabla ya kusema, fundi hupima kama nguvu inatoka yote hewani au sehemu inarudi nyuma. Ikirudi nyingi huweza kuunguza chombo. Naye msemaji hubonyeza kitufe anaposema na kukiachilia anaposikiliza. Anayesahau kukiachilia huwafunga wenziwe wote midomo. Aibu hiyo imewapata wengi.

Mawimbi ya namna hii hufika kilometa chache tu ardhini, na mlima ukiwa katikati huyazuia. Hapa twarudi katika Bonde la Ufa, na katika mashindano ya motokaa ya Safari.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Gari likizama katika tope, dereva alitegemea mikono ya wanavijiji. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu, na mwaka 1968 saba tena, na miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Joginder Singh alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Lakini kwa kadiri makampuni makubwa ya Ulaya na Japani yalivyozidi kuja na fedha nyingi, ndivyo gari lilivyozidi kuwa na masikio.

Katika miaka ya 1980 dereva wa kampuni kubwa hakuwa peke yake tena. Juu yake iliruka helikopta, na aliyekaa ndani yake alitazama njia iliyo mbele na kumwambia kwa redio: ng'ombe upande wa kushoto, lori laja, mto umefurika. Juu zaidi ilizunguka ndege, kazi yake kupokea sauti kutoka garini na kuipeleka kwa mafundi waliokuwa ng'ambo ya milima. Ndege iliuona upande huu na upande ule, na hivyo kuta za Mau na Kinangop hazikuizuia tena sauti. Mimi naona hiyo ndiyo njia ya akili kupita zote zilizopata kutumiwa katika bonde hili kuishinda milima, ingawa gharama yake ilimwacha nyuma dereva maskini wa hapa kwetu, aliyeshindana kwa macho yake tu.

Wala tusisahau kwa nini helikopta ilihitajiwa. Safari haikuwa mashindano ya njia iliyofungwa. Hadi mwaka 2002, alioshinda Colin McRae, magari ya mashindano yalipita katika barabara zile zile walizotumia wachungaji, watoto wa shule na mabasi. Redio ilimwonya dereva juu ya mchungaji. Haikumwonya mchungaji juu ya dereva. Mashindano yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, njia za mbio zilifungwa, na kila gari likatiwa kitufe cha kuomba msaada ambacho ishara yake hufika kwa wasimamizi mara moja.

Mwaka ule wa 2002 nilikuwa mtoto, nikipelekwa na wakubwa kutazama kando ya njia ya vumbi. Hatukuwa na redio ya namna yoyote. Lakini mzee mmoja aliyekuwa na mbuzi karibu nasi alikuwa akitega sikio angani. Aliposikia mabawa ya helikopta kwa mbali, kabla sisi hatujaona hata vumbi, alipiga mluzi mara mbili, na mbuzi wote wakavuka njia na kupanda kilimani. Gari lilipita dakika chache baadaye.