Kuanime: neno moja, historia mbili

Kila siku hapa Katindo tunasikia: kuanime mkutano, kuanime kwaya, animatere wa shirika fulani. Neno tulilipata kwa Kifaransa. Waingereza nao wako nalo, na wote walilitoa kwa Kilatini «anima», ni kusema pumzi ao roho. Kuanime, basi, ni kutia uhai.

Lakini mukiuliza bazee wetu, watawaambia mambo ingine. MPR ya Mobutu iliundwa mwaka 1967, na katiba ya 1974 iliifanya kuwa chombo kimoja tu cha taifa. Kila Muzairwa alikuwa memba toka kuzaliwa. Miaka ile ile Mobutu alitembelea China na Korea ya Kaskazini, na animasio ya kisiasa ikapata nguvu: wanafunzi na wafanyakazi wanaacha kazi, wanapangwa mistari, wanaimba na kucheza juu ya kumsifu «Guide». Kulikuwa pia salongo, kazi ya mikono ya lazima. Ngambo ya mupaka, MRND ya Habyarimana, iliyoundwa 1975, ilikuwa na animasio yake na umuganda yake. Mwili ulicheza, lakini roho ilikuwa wapi?

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Neno halikukufa. Julai 1994, wakimbizi karibu milioni moja waliingia Goma na kando kando yake, mashirika yakafuata, na animatere akapata kazi mupya: maji, usafi, chanjo.

Kazi ile ni ya lazima. Ila tukumbuke Ebola, iliyofika Goma Julai 2019. Kivu ya Kaskazini watu wengi hawakuamini timu zilizokuja kuwafundisha, juu waliona wanaambiwa tu, hawasikilizwi. Pale wakaaji wenyewe walipohusishwa, mambo yalienda vizuri zaidi.

Kiswahili chetu kinatenganisha vizuri: kutia moyo, kuhamasisha, kuchochea, kusukuma. Neno «kuanime» linaficha hizo tofauti zote. Kipimo ni kimoja: yule unayemuanime, anaweza kukataa bila kuogopa? Kama hawezi, unamusukuma.

Wengi wetu tukimaliza masomo, kazi ya kwanza tutakayopata ni ya animatere. Kabla ya kushika megafoni, tuulize watu wa kartie wanataka nini. Munasemaje?