Mbawakawa wa miwa wa Queensland

Mbawakawa wa miwa wa Queensland (jina la kisayansi: Dermolepida albohirtum) ni mdudu wa nusufamilia Melolonthinae katika familia Scarabaeidae ya oda Coleoptera. Anatokea kaskazini-mashariki mwa Australia, ambako lava wake hula mizizi ya miwa. Kuna spishi 19 za lava wa aina hii katika mashamba ya miwa ya Australia, na huyu ndiye mharibifu kuliko wote.

Maelezo

Mpevu ana urefu wa sm 3 hivi. Rangi yake ya asili ni kahawia, lakini amefunikwa na vigamba vyeupe vinavyompa sura ya kijivu. Lava ni mnene na mweupe, ana kichwa cha kahawia na miguu sita, na hujikunja kama herufi C. Lava wa spishi mbalimbali hufanana sana; mpangilio wa vinyweleo chini ya ncha ya nyuma husaidia kuwatofautisha.

Mzunguko wa maisha

Kizazi kimoja huchukua mwaka mmoja. Baada ya mvua nzuri za mwisho wa mwaka wapevu hutoka ardhini na kuruka jioni kwenda kwenye mitini, mikaratusi na miti mingine ili kula majani. Baada ya wiki mbili hivi majike hurudi shambani na kutaga mayai ndani kabisa ya udongo. Lava hupitia hatua tatu za ukuaji. Hatua ya tatu, kuanzia Februari hivi, ndiyo yenye hasara kubwa. Mnamo katikati ya mwaka lava hushuka chini zaidi, hujitengenezea chumba cha udongo na kuwa bundo. Mpevu mpya hubaki humo akingoja mvua.

Uharibifu

Dalili ya kwanza ni majani kuwa ya njano, kana kwamba shamba limekosa maji. Kwa hiyo mkulima asiyechimba anaweza kudanganyika. Baadaye miwa huanguka, kwa sababu haina mizizi ya kuishikilia, na mashine ya kuvuna hung'oa shina zima. Hapo mkulima hupoteza mavuno ya mwaka huo pamoja na maotea ya miaka inayofuata.

Chura wa miwa

Zamani watu walilipwa kuokota wapevu na lava kwa mikono. Mwaka 1935 vyura wa miwa (Rhinella marina) 102 walikamatwa Hawaii na kupelekwa Gordonvale, karibu na Cairns. Walizaliana, na mwezi wa Agosti vyura wadogo wapatao 2,400 waliachwa huru. Mwanaentomolojia Walter Froggatt alipinga, na serikali ilisimamisha kazi hiyo kwa muda, lakini mwaka 1936 iliruhusiwa tena.

Kosa lilikuwa wazi kwa yeyote aliyejua maisha ya mdudu huyu: lava yuko chini ya ardhi na mpevu yuko juu ya miti, ilhali chura huwinda juu ya uso wa ardhi. Mbawakawa hawakupungua. Vyura wenyewe wameenea hadi Australia Magharibi, na sumu yao huua kenge, nyoka na wanyama wengine wanaojaribu kuwala.

Udhibiti

Kuanzia miaka ya 1940 sumu ya BHC ilitiwa kwenye udongo, mpaka ilipoondolewa mwaka 1987 kwa sababu hudumu muda mrefu katika mazingira. Siku hizi hutumiwa imidakloprid, inayowekwa karibu na mizizi, na pia kuvu Metarhizium, ambayo huota ndani ya mwili wa lava na kumuua. Mashamba hukaguliwa kwa kuchimba mashimo chini ya miwa na kuhesabu lava.

Afrika ya Mashariki haina spishi hii. Miwa ya eneo la Moshi, Tanzania, hushambuliwa na jamaa yake, Cochliotis melolonthoides, ambaye lava wake pia hula mizizi.