Waliotumwa Mlimani Hawakutumwa Peke Yao

Ukitoka mjini Morogoro kwa bajaji hadi Bigwa, barabara inagawanyika. Ile ya zamani ya Dar es Salaam inaendelea mbele. Nyingine inakata kulia na kuanza kupanda kuelekea Matombo, Mvuha na Kisaki. Njia panda hii inajulikana kwa ndizi na mananasi yanayoshuka kutoka Uluguru, lakini kuna zao jingine ambalo halipakiwi kwenye tenga, nalo ni watu waliofundwa. Hapo Bigwa ipo sekondari ambako masista wa mashirika mbalimbali ya nchi hii huja kusoma. Jirani yake ni Mgolole, nyumba mama ya Masista wa Moyo Safi wa Maria, shirika lililoanzishwa mwaka 1937 wakati wa Askofu Bernard Hilhorst. Upande wa Kola kuna Chuo Kikuu cha Jordan cha Wasalvatoriani, kilichoanza kama taasisi ya falsafa na teolojia kabla ya kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2010. Na kwa upande wa serikali kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Bigwa.

Kwa hiyo mtu angetarajia kwamba kigango kilichojificha mgongoni mwa mlima, saa chache tu kutoka hapo, hakitakosa kiongozi wa vijana aliyeandaliwa. Mara nyingi hakikosi. Amekwenda semina, amerudi na cheti na daftari. Baada ya miezi sita daftari liko darini na kiongozi yuko Dar es Salaam anatafuta kazi. Nimeona hivyo katika madhehebu zaidi ya moja, na kila mara lawama huangukia semina: ilikuwa fupi, mada zilikuwa nyingi, wawezeshaji walichelewa. Mimi naona historia ya Morogoro inatupa jibu tofauti, na inatubidi kulianzia Bagamoyo.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, chini ya Padre Antoine Horner. Waliowalea walikuwa watoto na vijana waliokombolewa utumwani. Walifundishwa katekisimu, kusoma, useremala, uashi na kilimo. Walipofikia umri waliozeshwa wao kwa wao na kupewa nyumba katika kijiji cha Wakristo. Baada ya hapo misheni ikaanza kuingia bara: Mhonda katika milima ya Nguru mwaka 1877, Morogoro chini ya Uluguru mwaka 1882, Tununguo mwaka 1884. Tukisimulia habari hizi tunawataja mapadre tu, lakini msafara ulikuwa pia na familia changa kutoka Bagamoyo, mume na mke, jembe na sufuria, ambao ndio walikuwa kijiji cha kwanza cha kila misheni mpya. Mluguru aliyetaka kujua Mkristo anaishi vipi hakuhitaji kumsikiliza Mfaransa akihubiri kwa Kiswahili cha kubabaisha. Alichungulia uani kwa hao vijana.

Nisiipambe picha hiyo kupita kiasi. Misheni ilikuwa na kengele kwa kila jambo, kuanzia kuamka na kwenda shambani hadi kusali na kulala, na ndoa zenyewe zilipangwa kwa macho ya mapadre. Wapo waliochoka wakatoroka. Lakini jambo moja lilifanyika sawasawa, pengine bila hata kulikusudia: kijana wa kuwaongoza wenzake hakupelekwa ugenini akiwa mmoja. Alipelekwa pamoja na watu wake.

Baadaye kazi ilipotanuka, Matombo ikafunguliwa mwaka 1897 na vijiji vya milimani vikataka mwalimu kila kimoja, utaratibu huo haukuwezekana tena. Akaja katekista. Alipewa kibanda cha nyasi kilichoitwa shule, ubao na ujira ambao haukutosha hata kuaibisha. Hapo ndipo mlezi wa vijana akaanza kuwa mtu wa peke yake.

Tena aliingia kwenye nyumba iliyokuwa na wenyewe. Waluguru ni watu wa ukoo wa mama, na malezi ya kijana yana mjomba, yana bibi, yana wazee wa ukoo. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, akafundwa, na siku ya kutolewa kijiji kizima kilicheza. Katekista, ambaye mara nyingi alikuwa kijana tu wa miaka ishirini na kitu, alitumwa kuwaambia wazee hao kwamba ngoma zao ni za kishenzi. Masasi, kusini kabisa, Waanglikana wa misheni ya UMCA walichagua njia nyingine. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa Masasi mwaka 1926, alisimamia jando la Kikristo lenye kambi, wazee, mafunzo na sala, kwa hoja kwamba kijana hawezi kupokonywa mlango wa kuingilia utu uzima bila kupewa mwingine. Alibishiwa na Wakristo wenzake, na jaribio lake lilikuwa na kasoro zake. Hata hivyo alielewa jambo ambalo wengi katika Uluguru walichelewa kulielewa: vijana wa mahali hapo walikuwa tayari na walezi. Ukiwafukuza wale wa zamani, jiandae kufanya kazi yao yote, usiku na mchana, na siyo Jumapili saa nane mchana baada ya misa.

Kilichookoa mambo, na baadaye kuyaharibu, ni shule. Miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizofikia viwango vyake. Agosti 1928 mjumbe wa Papa, Askofu Arthur Hinsley, alikutana na viongozi wa misheni Dar es Salaam akawaambia, kwa maana, kwamba wasipoweza kufanya yote mawili, basi makanisa yasubiri na shule zikamilishwe. Padre mkongwe aliyezoea kubatiza lazima alikuna kichwa. Lakini waliitikia. Vyuo vya ualimu vikapewa kipaumbele, jina la Kigurunyembe pale jirani na Bigwa likaja kujulikana na walimu wengi, na mwaka 1957 masista wa Maryknoll kutoka Marekani wakafungua Marian College kwa ajili ya wasichana. Gertrude Mongella, katibu mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995, alisoma pale.

Kwa miaka arobaini hivi mwalimu wa misheni ndiye aliyekuwa kiongozi wa vijana. Darasani alifundisha hesabu, jioni kwaya na mpira, Jumapili aliongoza sala. Alikuwa na mshahara, na alikuwa na walimu wenzake wa kula nao ugali na kulalamika nao. Dayosisi au jimbo halikulazimika kuwa na idara ya vijana kwa sababu shule ndiyo iliyokuwa idara.

Ikaja Sheria ya Elimu ya 1969 na shule za mashirika zikawa za serikali. Marian College ikawa Kilakala. Sina ugomvi na uamuzi huo: nchi iliyotaka watoto wake wote wakae dawati moja isingeweza kuacha elimu igawanyike kwa dini. Ila makanisa yaliamka asubuhi moja yakiwa na vijana walewale na bila chombo cha kuwalea. Kila ambacho Wakatoliki walijenga kwa kumtii Hinsley kilikuwa sasa mikononi mwa Wizara. Na huko nje mji ulikuwa na walezi wake wengine: Morogoro ya miaka hiyo ilikuwa ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, na kabla yake ya Salum Abdallah na Cuban Marimba. Kijana mwenye miguu mizima angechagua nini Jumamosi jioni, dansi au mafundisho?

Vyama vya vijana tunavyovijua leo vilipata uzito wao katika pengo hilo. Wanafunzi wa Kiprotestanti wa sekondari walikuwa na UKWATA, chini ya mwavuli wa Jumuiya ya Kikristo Tanzania, na mikutano yake ya Pasaka ambako mwanafunzi alisafiri na blanketi lake na kurudi na sauti iliyokauka kwa kuimba. Wakatoliki walikuwa na TYCS kwa wanafunzi na VIWAWA kwa walio nje ya shule. Hilo jina, Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, huwachekesha wakulima na waendesha bodaboda wanaolibeba leo, lakini lina asili yake. Joseph Cardijn, padre wa Ubelgiji aliyezaliwa mwaka 1882, mwaka uleule misheni ya Morogoro ilipofunguliwa, aliwaona wenzake wa utotoni wakimezwa na viwanda na kuliacha Kanisa. Mwaka 1925 akaanzisha chama cha vijana wafanyakazi. Alikigawa katika vikundi vidogo vilivyokutana mara kwa mara na kujadili maisha yao kwa hatua tatu: tazama, amua, tenda. Papa Yohane wa 23 alizitaja hatua hizo kwa kuzisifu mwaka 1961.

Tumezishika hatua tatu na kuziandika kwenye kila mwongozo. Vile vikundi vidogo vyenyewe tumevisahau. Cardijn hakuwa na semina ya siku tatu ya kutoa vyeti. Kiongozi wake alikuwa na watu wachache anaoonana nao wiki kwa wiki, na padre anayewasikiliza bila kuwaendesha.

Waanglikana wa Morogoro walikuwa na mfano wa karibu zaidi. Dayosisi yao iliundwa mwaka 1965 kutoka Tanganyika ya Kati, na askofu wake wa kwanza, Gresford Chitemo, alikuwa mtu wa uamsho, ile harakati iliyoenea Afrika Mashariki kutoka Gahini nchini Rwanda tangu miaka ya 1930. Watu wa uamsho walikuwa na maudhi yao, na waliweza kukuuliza umeokoka lini kabla ya kukusabahi. Lakini mwinjilisti kijana aliyefika kijiji kigeni alijua atawakuta ndugu. Wangemlaza, wangemlisha, na wangemwambia usoni kwamba ana kiburi. Hakuna posho inayoweza kununua huduma hiyo.

Turudi Bigwa. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi pale ni cha uzao ulioanza mwaka 1975, serikali ilipoanza kusimika vyuo hivyo kwa kuiga vya Sweden na kwa msaada wa Waswidi. Si chuo cha dini, lakini mtu wa huduma ya vijana ana jambo la kuona katika vyuo vya aina yake. Katika mpango wa Elimu Haina Mwisho, wasichana walioacha shule, wakiwamo waliokwisha kuzaa, wanarudi darasani kusoma sekondari na kujifunza ufundi. Kanisani msichana huyohuyo, siku mimba ilipojulikana, aliondolewa kwenye kwaya ya vijana na jina lake likafutwa kwenye daftari la chama. Viongozi wa vijana hufundishwa namna ya kuendesha mikutano, kutunza fedha na kuandaa kongamano. Ni wachache sana waliofundishwa la kufanya asubuhi ile binti anapokuja mlangoni akilia, na hata aliyefundishwa anahitaji mtu mzima wa kumpigia simu usiku huo.

Hapo ndipo mambo yote yanapogota. Sensa ya 2022 ilituhesabu kuwa watu 61,741,120, na zaidi ya nusu hawajafikisha miaka 25. Hakuna seminari wala chuo kitakachotoa mapadre, wachungaji na masista wa kutosha kuwalea wote hao. Kazi itafanywa, kama ilivyofanywa mwaka 1882, na vijana wenyewe: mshona nguo, mwalimu wa kujitolea, muuza mananasi wa Kiroka. Majengo ya kuwafunda yapo tele pale njia panda. Kinachopungua ni ule msafara: kiongozi na wenzake watatu au wanne wa vigango vya jirani wanaokutana kila mwezi, mlezi mwenye umri wa kutosha kuwa mjomba wao, na senti za nauli za kuwakutanisha. Hesabu yake ni ndogo. Kwa gharama ya kongamano moja lenye fulana na jukwaa la kukodi, viongozi kumi wa milimani wangeweza kushuka Matombo na kuonana mwaka mzima.

Basi ndugu msomaji, kama parokia au usharika wako una kiongozi wa vijana aliyerudi semina hivi karibuni, usianze kumuuliza amejifunza nini. Muulize mwezi ujao anakutana na nani, wapi, na nani analipa nauli. Akishindwa kujibu, peleka jambo hilo kwenye kikao cha kamati tendaji Jumapili hii, kabla hajapanda basi la Dar es Salaam.