Mosi ya Juma: Majina ya Siku na Kalenda ya Kompyuta

Neno kalenda limekwisha kuzoeleka maofisini, na siku hizi lataja pia kile kidirisha cha kompyuta ambamo mtu huchagua tarehe kwa kuibonyeza. Mfasiri wa programu huulizwa majina ya siku na ya miezi. Ni nadra kuulizwa siku ipi iwekwe katika safu ya kwanza. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba swali hilo la pili nalo ni la lugha.

Jumamosi ni juma na mosi, yaani siku ya kwanza baada ya Ijumaa, siku ya mkusanyiko wa sala. Hesabu huendelea hadi Jumatano. Alhamisi inayofuata nayo, kwa asili yake ya Kiarabu, maana yake ni ya tano, kwa kuwa Waarabu huanzia Jumapili. Hivyo juma letu lina siku mbili za tano, kila moja kwa hesabu yake. Miezi nayo hufuata njia hiyo hiyo: baada ya Ramadhani huja Mfungo Mosi, hata kufikia Mfungo Tisa. Katika juma na katika mwaka, mosi huja baada ya wakati mtukufu.

Kalenda hizo hazikuwa za ibada tu. Katika vijiji vya wavuvi kama Tumbe, kaskazini mwa Pemba, mwezi ndio mwongozo wa bahari: bamvua huja mwezi uandamapo na upevukapo, na maji mafu katikati yake. Mabaharia na wakulima wa pwani walikuwa pia na mwaka wa Nairuzi wa siku 365, wenye miongo 36 ya siku kumikumi na siku tano za ziada. Kila kazi ilipewa hesabu iliyoifaa.

Kanuni ya kimataifa ya tarehe, ISO 8601 ya mwaka 1988, iliipa Jumatatu namba moja. Siku iitwayo ya tatu ikawa ya kwanza. Mwalimu anayeandika J3 kwa kifupi huikuta chini ya namba 1, na mwanafunzi ana haki ya kuuliza sababu. Chanzo cha mgongano huu si programu yenyewe, kwani zana nyingi za kuundia programu humruhusu mtayarishaji kubadili siku ya kwanza, siku za mapumziko na namba za majuma. Chanzo ni kufasiri majina na kuuacha mpangilio kama ulivyokuja.

Hatudai kwamba ofisi ziache kuanza kazi Jumatatu. Twapendekeza kila kalenda ya Kiswahili iwe na chaguo liitwalo “mwanzo wa juma”, na Jumamosi iwe miongoni mwa machaguo yake. Tena namba ya safu isitumiwe kamwe badala ya jina la siku. Mfasiri aulizapo jina, na aulize pia hesabu iliyolizaa.