Willy Gamba hakuwahi kukimbia na ndala moja

Wadau, nimekuwa kimya wiki tatu sasa. Mnisamehe. Sababu ya kwanza ni kazi, maana ripota wa ngazi yangu hana Jumapili. Sababu ya pili ni aibu kidogo, na ndiyo iliyonirudisha hapa leo.

Niliandika hadithi ya kisayansi. Dar es Salaam ya mwaka 2090, maroboti yanalinda bandari, na jamaa mmoja wa Gongo la Mboto anapambana nayo peke yake juu ya Daraja la Mfugale pale Tazara. Anayaangusha saba. Kisha ghala la silaha linalipuka nyuma yake, naye anatembea taratibu bila hata kugeuka. Nikajiona nimemaliza kazi! Nikampelekea kaka mmoja anayehariri hadithi kwenye gazeti fulani hapa mjini. Baada ya siku mbili akanirudishia. Pembeni ya pambano alikuwa ameandika kwa penseli: "Huyu hachoki?" Pembeni ya mlipuko: "Wewe si wa Gongo la Mboto?"

Basi. Hakuandika kingine.

Swali la kwanza lilinichekesha. La pili lilininyima usingizi. Nikaanza kujiuliza, sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili tumejifunza wapi ngumi na mabomu ya kwenye karatasi? Nikaingia maktaba, nikapekua na maboksi ya marehemu babu. Haya ndiyo niliyokuja nayo.

Tuanze mbali. Utendi wa Tambuka, au Chuo cha Herekali, ulitungwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo. Una beti zaidi ya elfu moja, na unasimulia vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Humo mashujaa wanakata majeshi kama mtu anayefyeka majani. Mtunzi alikuwa mbali na vita hivyo kwa miaka kama 1,100, na hakuna aliyemdai ushahidi. Kazi ya pambano lile ilikuwa kukuza imani na kumfanya msikilizaji akae mkao wa kula.

Sasa linganisha na Hemedi bin Abdallah wa Tanga, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi kuitwaa Mrima. Ulikamilika mwaka 1891. Abushiri alikuwa amenyongwa Pangani Desemba 1889, yaani kamba ilikuwa haijapoa. Huyu alikuwa anaandika kuhusu pwani yake mwenyewe na mizinga ya manowari. Kwake adui hafi kirahisi kwa sababu mtunzi anataka afe. Adui ana bunduki nzuri zaidi, na anashinda.

Tangu zamani, basi, tuna njia mbili: ya anayewaza vita na ya aliyevisikia kwa masikio yake. Shikilia hilo, tutalirudia.

Tukija kwenye riwaya, babu wa wapelelezi wetu wote hapigani kabisa! Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ana kiko chake na akili yake. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957/58 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ikachapwa mwaka 1960. Ukitafuta ngumi humo utasubiri sana. Bwana Msa ni ndugu wa Sherlock Holmes: anatazama, anauliza, anacheka, anakuumbua.

Ngumi zikaja na Elvis Musiba. Kufa na Kupona ilitoka mwaka 1974, Kikosi cha Kisasi 1979, Njama 1981. Willy Gamba anavaa vizuri, anapendwa na wanawake, anapiga risasi bila kukosa. Wengi wanasema ni James Bond aliyepakwa rangi nyeusi. Ni kweli nusu. Ian Fleming alimtoa Bond mwaka 1953, na filamu zake zilionyeshwa sana kwenye kumbi za sinema za Dar. Lakini tukumbuke Dar ya Musiba ilikuwa mji wa namna gani. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake hapa tangu 1963. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Angola, Zimbabwe na Namibia walikuwa wanapishana mitaani. Na tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa hapa hapa jijini kwa bomu la kwenye kifurushi. Lilikuwa limefichwa ndani ya kitabu.

Ndani ya kitabu! Mtunzi angebuni hilo, mhariri angesema amezidisha.

Kwa hiyo Willy Gamba hakuwa ndoto tupu. Alikuwa jibu kwa watu waliokuwa wanazika viongozi kila baada ya miaka michache: Mondlane 1969, Cabral kule Conakry 1973, Chitepo kule Lusaka 1975. Kwenye magazeti tulipigwa. Kwenye vitabu vya Musiba tulirudisha. Msomaji wa 1974 hakutaka Willy achoke, na mimi namwelewa.

Baadaye akaja Ben Mtobwa, mtoto wa Kigoma, mwandishi wa habari kama mimi, na Joram Kiango wake. Mtobwa alifariki mwaka 2008. Mtu huyu alijua mji. Dar es Salaam Usiku inanuka jasho na bia. Alionyesha kwamba kabla ya kumpiga mtu ngumi, lazima kwanza umfanye awe mtu.

Kizazi changu, tuseme ukweli, hatukusoma sana hao. Sisi tulilelewa na vibanda vya video. Unalipa sarafu, unakaa kwenye benchi, Wachina wanaruka, na sauti ya Lufufu inakutafsiria kwa Kiswahili cha mtaani, na kuongeza chumvi yake. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu mmoja anaweza kuwapiga kumi na watano, kwa sababu wanamjia mmoja mmoja kwa foleni kama wako benki.

Na hadithi za kisayansi? Hapa ndipo watu wanaposema hatuna. Si kweli. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea angani, na Karama anasimama mahakamani kujitetea kwa kusimulia visa vya wajumbe waliotumwa pande zote za ulimwengu wakarudi na maarifa. Katama Mkangi wa Kenya aliandika Walenisi, 1995. Dzombo anahukumiwa kifo, anafungiwa kwenye chombo cha angani kimpeleke kufa, lakini anajifunza kukiendesha na kutua kwenye sayari nyingine. Soma jina la sayari taratibu: wale ni sisi. Mkangi mwenyewe aliwekwa kizuizini na serikali ya Moi mwaka 1986. Alipoandika kuhusu mtu aliyefungiwa ndani ya chuma akisubiri kufa, hakuwa anakisia.

Mnaona tunakoelekea? Chombo ni cha kubuni. Hofu iliyomo ndani yake si ya kubuni.

Nikarudi kwenye swali la kwanza la mhariri. Huyu hachoki? Mtaani kwetu kuna mzee aliyewahi kupigana ngumi za kulipwa, sasa anafundisha vijana kwenye uwanja wa vumbi. Nikamfuata, nikamsomea pambano langu. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, halafu akaniambia, "Mwanangu, hebu pigapiga hilo gunia kwa nguvu zako zote."

Nikapiga. Sijui kama nilifika sekunde 30. Mikono ikawa mizito kama nimebeba ndoo za maji, koo likakauka. Mzee akasema raundi moja ni dakika tatu, na wale ni watu wanaofanya mazoezi miezi. Akaniambia na mengine. Ukimpiga mtu kichwani kwa ngumi tupu, mara nyingi unaovunjika ni mkono wako, maana vifupa vya kiganja ni vyembamba kuliko fuvu. Watu wawili wasiojua ngumi hushikana, huvutana mashati, na huishia chini. Hakuna anayetoa hotuba katikati ya pambano, pumzi hiyo ataitoa wapi? Na anayeshinda huwa anatetemeka kama aliyeshindwa.

"Wewe umeandika mtu anayepiga," akasema. "Hujaandika mtu anayepigwa."

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na swali la pili.

Jumatano, tarehe 16 Februari 2011. Nilikuwa na miaka 11, darasa la tano. Ilikuwa usiku kama saa mbili na nusu, nafanya hesabu mezani, mama yuko jikoni. Baba alikuwa zamu mjini. Kitu cha kwanza hakikuwa sauti. Kilikuwa miguuni. Sakafu ilitikisika, halafu ndipo mshindo ukaja na vioo. Miaka mingi niliamini kumbukumbu yangu imekosea mpangilio, mpaka nikasoma kwamba ardhi husafirisha mtikisiko haraka kuliko hewa. Mwanga hukufikia papo hapo, sauti huchukua karibu sekunde tatu kwa kila kilomita. Kwenye hadithi yangu ya 2090 mwanga, mshindo na upepo vilikuja pamoja kama kwenye video. Mtoto wa darasa la tano alijua zaidi ya huyu mwenye digrii.

Hakuna aliyeuliza ni nini. Mabomu ya Mbagala yalikuwa yamelipuka tarehe 29 Aprili 2009, kila mtu alikuwa na picha kichwani. Ghala la kambi ya jeshi lilikuwa linawaka na mabomu yalikuwa yanaruka hovyo. Mama alimbeba mdogo wangu mgongoni, mkono mmoja akanishika mimi, mkono wa pili ulikuwa na mfuniko wa sufuria. Alikimbia nao. Mimi nilikuwa na ndala moja.

Barabarani kulikuwa na mito miwili ya watu. Wengine wanakimbilia Pugu, wengine wanakimbilia mjini, na kila upande ulikuwa unaupigia kelele ule mwingine kwamba unakwenda kufa. Hapo katikati mkono wa mama ulinitoka. Nililala kwenye uwanja wa shule nisiyoijua, nimefunikwa kanga ya mama nisiyemjua. Nilimpata mama yangu kesho yake jioni. Mfuniko alikuwa nao bado.

Watu zaidi ya 20 walikufa, mamia walijeruhiwa, maelfu walihifadhiwa Uwanja wa Uhuru, na watoto wengi walipotezana na wazazi kama mimi. Shule yetu ilipofunguliwa, dawati letu la watu watatu lilikuwa na wawili. Jina lake sitaliandika hapa. Ana mama, na mama yake anasoma.

Sasa ndiyo mnaelewa aibu yangu. Mimi, wa pale pale, nilipopewa ukurasa mtupu niliuacha usiku ule na kwenda kuazima mlipuko wa Hollywood. Shujaa anatembea taratibu bila kugeuka! Nani aliwahi kutembea taratibu usiku ule?

Kuna Mwingereza mmoja, H. G. Wells. Mwaka 1895 alihamia Woking, kamji ka pembezoni mwa London kenye reli, sawa na sisi na reli yetu ya Kati. Alikuwa anazunguka huko na baiskeli akichagua sehemu ambazo viumbe wake kutoka sayari ya Mars wangekuja kuziharibu. Hadithi ilitoka gazetini mwaka 1897, ikawa kitabu mwaka 1898: The War of the Worlds. Viumbe ni uongo, lakini vichaka wanapotua ni vya kweli. Na kwangu mimi kurasa bora za kitabu kile ni zile za watu wa London wanavyokimbia, magari ya farasi, vumbi, kukanyagana. Nilipozisoma nilisikia harufu ya Barabara ya Pugu.

Hapo nikaielewa kanuni. Hadithi ya kisayansi inaruhusiwa uongo mmoja mkubwa. Baada ya huo, kila kitu lazima kiwe kweli: pumzi, umbali, vidole vinavyovunjika, mfuniko wa sufuria.

Lakini lilibaki jambo moja ambalo maktaba haikunisaidia. Je, nina haki? Kufanya burudani ya usiku uliochukua watu wa mtaa wangu? Musiba aliwapa watu ushindi waliokosa. Mimi ningewapa nini majirani zangu, maroboti?

Nikamuuliza mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Akasema, "Andika. Lakini usiniandike jasiri. Mimi nilikuwa nakutafuta wewe tu."

Nimeanza upya wadau. Maroboti yamebaki, mwaka 2090 umebaki, daraja la Tazara limebaki. Shujaa nimemtoa. Kuna mwanamke anashuka kwenye daraja akiwa na mtoto mgongoni, pumzi imemwishia, mkono wake wa kulia unashika kitu kisichokuwa na maana yoyote, na wa kushoto umebaki mtupu. Anageuka nyuma. Nimefika hapo. Sijui kama mhariri ataipokea safari hii, ila sasa naweza kumpa mama aisome.

Tupo pamoja.