Madini ya Chuma na Ubongo wa Mtoto: Funzo Kutoka Pemba

Katika makala hii tunakusudia kueleza kwa kifupi historia ya utafiti uliofanyika kisiwani Pemba kuhusu madini ya chuma na ukuaji wa watoto wadogo. Tunaamini historia hiyo yawahusu wote wanaotoa huduma kwa wanyonge, kwa kuwa yaonyesha jinsi nia njema isivyotosha peke yake.

Kwanza tutazame asili ya jambo lenyewe. Ubongo wa mtoto hauwezi kujengeka vema pasipo madini ya chuma. Sehemu kubwa ya akiba ya madini hayo mtoto huipokea kwa mama yake katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Kwa hiyo mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, huanza maisha akiwa na akiba haba. Tena, huko Pemba malaria na minyoo ya safura vilizidisha upungufu wa damu miongoni mwa watoto.

Katika kijiji cha Kengeja, Rebecca Stoltzfus na wenzake waliwachunguza watoto 614 wenye umri wa miezi 6 hadi 59. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Watoto waliopewa chuma kila siku kwa muda wa mwaka mmoja waliendelea zaidi katika lugha. Na wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu waliendelea pia katika kutumia viungo vyao. Kwa mzazi yeyote hiyo ilikuwa habari njema.

Je, haikufaa basi watoto wote wapewe? Swali hilo lilijaribiwa papo hapo Pemba, katika utafiti ulioongozwa na Sunil Sazawal, ukahusisha watoto zaidi ya 24,000 wenye umri wa mwezi 1 hadi 35. Mwezi Agosti 2003 utoaji wa chuma na asidi ya foliki ulisimamishwa kwa ushauri wa jopo lililosimamia usalama wa watoto. Ilionekana kwamba waliopewa walikabiliwa na hatari ya kufa au kulazwa hospitali iliyozidi kwa asilimia 12 ile ya wenzao wasiopewa. Hata hivyo, katika kundi dogo lililopimwa damu, watoto waliopungukiwa chuma na damu walinufaika.

Hapa ndipo penye uzito wa habari yetu. Kitu kilekile kilichomjenga mtoto mmoja kilimhatarisha mwingine, na tofauti haikuonekana kwa macho. Baada ya matokeo hayo kuchapishwa mwaka 2006, Shirika la Afya Duniani lilibadili mashauri yake. Na katika mwongozo wa mwaka 2016 lilisema kwamba penye malaria nyingi, chuma kitolewe kwa watoto pamoja na hatua za kuizuia, kuipima na kuitibu.

Shirika hilo linashauri pia kitovu kisikatwe kabla ya dakika moja tangu mtoto kuzaliwa, ili damu yake mwenyewe iliyo katika kondo imwongezee akiba.

Wazazi wa Pemba waliokubali watoto wao wachunguzwe wameufaa ulimwengu. Nasi tunaosimamia zahanati na hospitali tuna deni kwao: tusigawe dawa kwa huruma tu, bali tumpime kwanza yule tunayemhurumia.