Tkinter: Picha moja ya rangi mbili, matumizi mengi

Unatengeneza programu ya duka kwa Python na unataka alama iwe ya kijani mzigo ukiwepo, nyekundu ukiisha? Huna haja ya kuchora picha mbili. Tkinter, inayokuja pamoja na Python, ina BitmapImage, na hiyo inatosha.

Inahifadhi nini?
Picha ya kawaida huhifadhi rangi ya kila nukta. Hii huhifadhi umbo tu: kila nukta ni biti moja, 1 au 0. Nukta za 1 hupata rangi unayotaja kwenye foreground, za 0 hupata ya background. Usipotaja background, sehemu hizo hubaki wazi na kilicho nyuma kinaonekana.

Ni nyepesi pia. Alama ya nukta 16 kwa 16 ni baiti 32. Kwa rangi za biti 24 ingekuwa baiti 768.

Faili lake
Linaitwa XBM. Ni maandishi tu, yameandikwa kwa mtindo wa lugha ya C: upana, urefu, kisha orodha ya namba. Angalia hapa: katika kila baiti, biti ndogo kabisa ndiyo nukta ya kushoto. 0x01 huwasha nukta ya kwanza kushoto, 0x80 huwasha ya nane. Ukipanga kinyume, umbo litaharibika.

Kuitumia
alama = tk.BitmapImage(file="mzigo.xbm", foreground="green")
lebo = tk.Label(dirisha, image=alama)
lebo.pack()

Mzigo ukiisha, andika:
alama.config(foreground="red")

Kila sehemu inayotumia picha hiyo hubadilika papo hapo.

Mbona picha haionekani?
Mara nyingi ni kwa sababu umeitengeneza ndani ya fanksheni. Fanksheni ikiisha, Python huifuta picha, na wewe unabaki na nafasi tupu bila ujumbe wowote wa kosa. Dawa ni mstari mmoja:
lebo.picha = alama

Huna faili?
Tk ina alama zake za tayari, kama warning, info, question na hourglass. Andika tu bitmap="warning" kwenye lebo.

Ila kwa PNG au GIF, tumia PhotoImage. BitmapImage haizisomi.